Laisini na Jirani Yake

Shangazi yangu alikuwa na vidole vya zambarau. Haikuwa hina wala wino. Ilikuwa ninhidrini, dawa ya maabara ambayo ikikutana na asidi amino hugeuka zambarau iliyokolea, na kwa kuwa jasho la binadamu nalo lina asidi amino, tone likikudondokea kidoleni leo utatembea nalo siku kadhaa. Glavu za kiwandani zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, zilichanika kila mara. Basi vidole vyake vilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Siku alipopelekwa kutambulishwa ukweni, mama mkwe alimshika mkono, akautazama, kisha akamvuta mwanawe pembeni kumuuliza kama huyu binti anafanya kazi ya kupaka nguo rangi. Shangazi alisikia. Akavinyoosha vidole vyote kumi juu ya meza, akasema anafanya kazi ya kemia na hiyo ndiyo alama yake. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuchoka kuwaonyesha majirani mikono ya mkamwana wake.

Kiwandani walimwita Mama Zambarau. Kilikuwa kiwanda cha chakula cha mifugo, chenye mashine mbili za kusaga, ghala refu la mabati, na mizani ya malori langoni. Mimi nilikuwa karani wa mizani hiyo. Nilipima lori likiingia limejaa, nikalipima likitoka tupu, nikaandika lilichokileta, kisha nikachota sampuli ya mzigo kwenye mfuko mdogo na kuupandisha maabara.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya ngazi za chuma. Kulikuwa na sinki mbili, tanuri la umeme lenye ukubwa wa kabati la vyombo, sehemu ya kuvutia mvuke ambayo feni yake ililia kama cherehani bovu, na kando ya dirisha tangi la kioo lenye kifuniko kizito. Ndani ya tangi hilo Shangazi alifanya kazi yake aliyoipenda kuliko zote. Wataalamu huiita kromatografia ya karatasi. Yeye aliiita kupandisha. Unachora mstari wa penseli chini ya karatasi, unadondosha vitone vya sampuli juu ya mstari, unaisimamisha karatasi ndani ya kimiminika kidogo, na kimiminika kinapopanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi, kinazibeba asidi amino, kila moja kwa mwendo wake. Kesho yake unaikausha, unanyunyizia ninhidrini, unaipasha moto, na madoa yanajitokeza kila moja mahali pake.

Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa nakula naye chakula cha mchana kwenye zile ngazi, naye alinifundisha kwa mdomo umejaa. Protini, aliniambia, ni mkufu, na shanga zake ndizo asidi amino. Ziko aina ishirini tu, na hizo ishirini ndizo zinazotengeneza nyama, maziwa, nywele, kucha na hata damu. Kila moja ina kundi la amino upande mmoja na kundi la asidi upande mwingine, na kaboni moja katikati. Hapo zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Tofauti iko kwenye tawi linalochomoza pembeni mwa ile kaboni. Tawi la glisini si tawi hata kidogo, ni hidrojeni moja tu. Leusini na valini wana matawi yanayochukia maji, ndiyo maana kwenye karatasi hukimbilia juu. Asidi glutamiki ina tawi la asidi. Laisini ina tawi refu lenye amino ya pili kwenye ncha yake, basi ni ya upande wa besi, kinyume cha asidi, inapenda maji na inabaki chini. Methionini na sistini wana salfa. Prolini tawi lake limejikunja likarudi kujifunga kwenye amino yake yenyewe, na kwa ukorofi huo ndiyo peke yake inayotoa doa la manjano wenzake wakitoa zambarau.

“Na kuna mgawanyo mwingine ambao kuku wanaujua kuliko maprofesa,” alisema siku moja huku akipangusa makombo. “Zile ambazo mwili unajitengenezea, na zile ambazo usipolishwa huna.”

Alikuwa na cheti cha ufundi wa maabara cha miaka miwili, basi. Mengine alifundishwa na mkemia wa kwanza wa kiwanda, mzee mmoja mkali aliyemfanya arudie karatasi moja mara kumi na moja hadi madoa yalipotulia. Mzee alipostaafu kazi ilibaki kwake, ila cheo hakikubaki. Wakuu wa maabara walikuja na kuondoka. Wa wakati ninaousimulia alikuwa kijana mwenye shahada mbili, safi, mpole, anayesahihisha ripoti za watu hadi nukta ya tatu. Tulimwita Desimali. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba kitu kisichotoka na namba si kipimo, na karatasi za Shangazi zilitoka na rangi. Aliagiza mashine ya kisasa ya kuchambua asidi amino, ikawa iko njiani, na tayari alikuwa amebandika kikaratasi kwenye lile tangi la kioo: LA KUONDOLEWA.

Jumatatu moja asubuhi baba yangu alisimama langoni kwangu na katoni mkononi.

Baba alikuwa dereva wa malori mstaafu, mdogo wake Shangazi kwa miaka mitatu. Alipostaafu alijenga banda nyuma ya nyumba akaanza kufuga kuku wa nyama, mia tatu kwa mkupuo, na chakula alinunua kwetu kwa sababu moja tu, dada yake alimwambia ni kizuri. Alifungua katoni. Ndani walikuwamo vifaranga wawili. Nilidhani wana siku kumi. Walikuwa na siku ishirini na moja. Manyoya yalikuwa yamewatoka ovyoovyo, mabawa yananing'inia, na walikuwa wepesi mkononi kama vile wamejazwa pamba. Wote mia tatu wako hivyo, alisema, na wafugaji wenzake watano wana kilio hicho hicho. Niliwaweka kwenye mizani ndogo. Mmoja gramu mia tatu na tisini, mwingine mia nne na kumi. Kwa umri huo walitakiwa wawe wamezidi mara mbili ya hapo.

Shangazi aliitwa akashuka ngazi akiwa na koti lake jeupe. Wapakiaji walikuwa wamesimama, madereva wawili walikuwa wanasubiri zamu ya mizani, na baba hakupunguza sauti.

“Dada, mimi sikununua kwa sababu ya tangazo. Nilinunua kwa neno lako.”

Watu walitazama chini. Shangazi alimchukua kifaranga mmoja, akamgeuza, akampapasa kifua kwa kidole gumba.

“Neno langu ni lile lile,” alisema. “Nipe wiki moja. Nikishindwa, njoo uniseme tena hapahapa, mbele ya hawa hawa.”

Alipanda moja kwa moja kwa Desimali, nami nikafuata na mfuko wa chakula alichokuja nacho baba. Desimali alitoa faili. Kila mzigo ulipimwa, alituonyesha, na protini ilikuwa asilimia ishirini na moja nukta nne, juu kidogo ya kinachotakiwa. Labda mabanda yana ugonjwa. Labda maji. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha jinsi namba hiyo inavyopatikana. Unachemsha chakula ndani ya asidi kali, unapima nitrojeni iliyomo, unazidisha kwa sita nukta mbili tano, unaiita protini. Hujauliza hata mara moja ni asidi amino zipi zilizobeba hiyo nitrojeni.

“Unaweza kuwa na wachezaji kumi na mmoja uwanjani, umewahesabu sawasawa,” alimwambia, “kumbe wote ni makipa.”

Desimali alicheka kidogo, kwa heshima. Alisema mashine ikifika watapima. Kabla ya hapo anaweza kutuma sampuli ng'ambo, majibu ni wiki tano. Shangazi akasema atume, na wakati wa kusubiri amruhusu kutumia tangi. Akaandika ombi, ukurasa mmoja. Desimali akaweka sahihi na kuongeza kwa mkono wake kwamba kazi hiyo isizuie kazi za kawaida.

Mchana huo huo Shangazi alianza. Kila mzigo tuliouza ulikuwa na mfuko wa akiba uliohifadhiwa kabatini, basi alichukua wa chakula cha miezi minne iliyopita, wakati kuku wa baba walipokuwa wakinona, na akauweka sambamba na kile kibovu. Alitia chembe za kila kimoja kwenye kijibomba cha kioo, akamimina asidi ya hidrokloriki, akakifunga mdomo kwa kuuyeyusha motoni, akavilaza tanurini kwa nyuzi mia moja na kumi, saa ishirini na nne. Hapo mkufu unakatika na shanga zinabaki moja moja. Kesho yake vilitoka vyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akakausha asidi, akadondosha vitone, akaongeza pembeni kitone cha laisini safi kutoka kwenye chupa ili awe na cha kulinganishia, akaisimamisha karatasi tangini.

Jumatano asubuhi alikuwa ameshaitoa na kuikausha kwenye kamba. Desimali alipita, akaishika ukingo kuitazama kwenye mwanga, akairudisha akisema haoni kitu.  Shangazi alinyunyizia ninhidrini, akaitia tanurini dakika chache. Nilikuwepo. Madoa yalikuja polepole, ya chini kwanza, kisha ya juu, zambarau na kahawia, na moja la manjano. Na kwenye ukingo, mahali alipoishika, lilitokea dole gumba la Desimali, mistari yake yote, waziwazi kama limegongwa mhuri.

“Kumbe unaona,” Shangazi alisema. “Hilo ni jasho lako. Karatasi hii haifichi kitu.”

Desimali aliutazama mkono wake, akainamia karatasi kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu anayetaka kujua. Na hapo hapo akamkamata Shangazi kwa hoja. Chakula kizuri kilikuwa na doa la laisini pale chini, sawa na lile la laisini safi. Chakula kibovu nacho kilikuwa na doa, kwenye kimo hicho hicho, limefifia kidogo na limejiburuta, lakini lipo. Laisini ipo, mama, alisema, kwa hiyo tatizo si hilo. Na kwa haki, mtu yeyote angesema hivyo.

Shangazi alikaa kwenye kigoda chake, akalitazama lile doa muda mrefu. Nilimwona akipitisha kidole hewani juu ya karatasi bila kuigusa. Kisha akanigeukia, akaniuliza ni kitu gani kimebadilika kwenye malighafi katika miezi hiyo minne.

Nilishuka mbio kwenda kwenye daftari langu. Mahindi, wasambazaji wale wale. Unga wa samaki, wale wale. Mashudu ya soya, msambazaji mpya, wiki saba zilizopita. Na nilipoliona jina lake nilikumbuka jambo ambalo halikuwa daftarini. Mizigo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na nilipoifungua kuchota sampuli ilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Niliisikia mara tatu. Sikuandika, kwa sababu hakuna safu ya harufu kwenye fomu. Nilipanda nikamwambia Shangazi nikiwa nimeinamisha uso.

Hakunigombeza. Alishika meza kwa mikono miwili.

“Nywele,” alisema. “Nywele, kucha, pembe, manyoya. Unajua vyote hivyo vimejaa nini? Sistini.”

Kisha akatueleza, mimi na Desimali, akiwa amesimama. Sistini ni ya kundi la salfa, haina undugu na laisini. Lakini kwenye kimiminika hiki zote mbili ni wavivu wa kupanda, zinakaa chini jirani na jirani. Ukipiga hodi pale ghorofa ya chini akaitika mtu, usiseme tu yupo. Uliza ni nani. Na njia ya kuuliza ni kuipandisha karatasi mara mbili. Unaweka kitone kimoja pembeni kabisa, unakipandisha kwa kimiminika cha kwanza, unakausha, unaigeuza karatasi ubavu, unaipandisha tena kwa fenoli yenye amonia kidogo. Huko laisini, kwa ule ubesi wake, inapanda vizuri. Sistini inabaki nyuma. Zitaachana hata zikikataa.

Desimali akauliza atasaidia nini. Shangazi akamwambia avae glavu.

Mimi nilitumwa kwenye machinjio ya kuku nyuma ya soko, nikarudi na mfuko wa manyoya yaliyooshwa, watu wakinikwepa njiani. Vijibomba vinne viliingia tanurini: chakula kizuri, chakula kibovu, yale mashudu ya rangi ya majivu, na manyoya. Alhamisi karatasi nne kubwa zilishonwa kwa uzi zikawa kama mabomba, mbili zikasimama tangini na mbili kwenye mitungi ya kioo ambayo Desimali mwenyewe aliitoa stoo na kuisugua. Ijumaa ziligeuzwa ubavu, na fenoli ikaifanya maabara nzima inuke kama wodi. Wapakiaji walianza kupita chini ya ngazi wakiuliza kwa sauti ya chini mgonjwa wa Mama Zambarau anaendeleaje.

Katika siku hizo baba alipiga simu mara mbili kuniuliza mimi, kwa maana dada yake hakuthubutu kumpigia. Nilijaribu kumweleza kwamba inashukiwa kuku wake hawapati laisini. Akaniuliza tangu lini kuku wanatakiwa wawe na leseni. Nikarudia, laisini. Akasema amenielewa sana, yeye ameendesha miaka thelathini na moja na anajua bila leseni huendi popote, na ndiyo maana wale kuku hawaendi popote. Nikaacha hivyo hivyo.

Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, karatasi zilitoka tanurini. Shangazi alizitundika dirishani kwa vibanio vya nguo, moja baada ya nyingine, mwanga wa nje ukipenya nyuma yake. Hata mimi karani wa mizani niliona. Kwenye karatasi ya chakula kizuri, laisini ilikuwa imesogea mbali ikasimama peke yake, doa nene kama zabibu. Kwenye ile ya kibovu mahali pale palikuwa na kivuli tu, na pembeni chini, ilipokuwa imejificha Jumatano, sistini ilibaki imetandaa. Prolini ilikuwa manjano kubwa. Serini na glisini zilijaa. Karatasi ya mashudu na karatasi ya manyoya zilifanana vya kutosha kumshawishi hata mtu asiyejua kusoma. Mtu alikuwa amechemsha manyoya kwa mvuke, ameyasaga yakawa unga, ameyachanganya na soya kidogo, na kutuuzia kama mashudu. Nitrojeni tele. Laisini na methionini kiduchu.

Desimali alisimama mbele ya dirisha, mikono nyuma. Akauliza, kwa kukisia, laisini imebaki kiasi gani. Shangazi alilinganisha doa na vitone vya laisini safi alivyokuwa amevipanga kwa nguvu tofauti, akasema nusu ya inayotakiwa, au chini kidogo ya nusu. Desimali akaandika. Kisha akakibandua kile kikaratasi kwenye tangi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Mkurugenzi wetu alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. Jumatatu alipanda zile ngazi za chuma akiwa na viatu vya ofisini, akaoneshwa karatasi. Desimali alianza kueleza, akafika katikati, akasimama, akasema ni bora aeleze mwenyewe aliyezifanya. Shangazi akaeleza kwa dakika kumi. Mkurugenzi alisogea karibu, akatazama doa moja moja kama anayetafuta uso wa mtu kwenye picha ya harusi.

“Nikisimamisha mashine leo na kuita mzigo wote urudi,” alisema, “na majibu ya ng'ambo yakaja kinyume, itakuwaje? Una uhakika kiasi gani?”

“Uhakika wa kusimama mbele ya wafugaji na kuwaambia mwenyewe,” Shangazi akajibu.

Mashine zilisimama saa sita mchana. Nilikuwa sijawahi kukisikia kiwanda kikiwa kimya. Malori yalitoka matupu yakarudi na magunia ya chakula kilichouzwa, nami niliyapima yote kwa siku mbili mfululizo. Msambazaji alikatiwa mkataba na mambo yake yakapelekwa kunakohusika. Na Jumatano wafugaji waliitwa kwenye ukumbi wa shule iliyo jirani na kiwanda, kama watu mia na ishirini, wengi wamekuja na hasira zao zimeiva.

Mkurugenzi alifungua kwa sentensi tatu. Alikiri kosa, akasema kila gunia litabadilishwa na vifaranga waliodumaa watafidiwa, akakaa. Kisha Shangazi akasimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akiongea na watu zaidi ya sita. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, na karatasi zake nne alizitundika kwenye ubao kwa vibanio vilevile vya nguo. Hakuwapigia hesabu. Aliwaambia kuku anajenga nyama kama mtu anayefuma mkufu kwa mpangilio aliopewa, na mpangilio ukidai shanga fulani na shanga hiyo haipo, anasimama hapohapo, hata nyingine zikijaa ndoo. Aliwaonyesha doa la laisini na pale palipobaki kivuli tu. Aliwaambia baadhi ya asidi amino kuku anajitengenezea, ila hii hawezi, wala sisi hatuwezi, tunaila au tunaikosa. Mwanamke mmoja mwenye banda la kuku wa mayai alinyoosha mkono akauliza atajuaje kesho kwamba hatadanganywa tena. Shangazi akasema kila mzigo wa mashudu utapandishwa karatasini kabla haujagusa mashine, na karatasi yenyewe itatundikwa langoni kwa karani wa mizani, na yeyote anayetaka aje aitazame kwa macho yake.

Ukumbi ulianza kulegea. Watu walisimama kusogelea ubao. Mzee mmoja alimwambia kwa masikitiko kwamba mikono yake imeharibika kwa ajili yao, na Shangazi akamjibu kwamba haijaharibika, imesajiliwa.

Ndipo baba akasimama. Alikuwa amekaa safu ya tatu, kofia magotini. Aligeuka nyuma akawatazama watu wote kwanza, kama dereva anayehakikisha abiria wamekaa.

“Mimi nilimsema huyu mama langoni, mbele za watu,” alisema. “Kwa hiyo narudisha mbele za watu. Nilisema nilinunua kwa neno lake. Ni kweli, na nitaendelea kununua kwa neno lake. Huyo ni dada yangu. Tumenyonya ziwa moja.”

Akakaa. Makofi yalianzia kwa wapakiaji wetu waliosimama mlangoni, yakaenea. Shangazi aliangalia karatasi zake kama vile kuna kibanio kimelegea. Nami nilikuwa nimekaa pale na kifua kimenijaa, nikitaka kumwambia jirani yangu nisiyemjua kwamba huyo ni shangazi yangu, na nikamwambia. Akasema ameshasikia.

Majibu ya ng'ambo yalifika mwezi uliofuata. Desimali aliyafungulia ngazini, hakungoja afike mezani. Laisini katika chakula kibovu ilikuwa asilimia sifuri nukta tano nane, na iliyotakiwa ni moja nukta mbili. Chini kidogo ya nusu. Aliisoma namba hiyo mara mbili kwa sauti, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyeona nukta mbili za desimali zikitoka kwenye rangi. Kuanzia siku hiyo hakumwita Shangazi mama tena. Alimwita Mwalimu, hata mbele ya wageni.

Mashine nayo ilikuja, kubwa, ya kijivu, ikapewa meza yake. Mafundi walioileta walitaka kuiweka kando ya dirisha, Desimali akawaambia hapo pana tangi, watafute pengine. Ikafanya kazi nzuri na bado inafanya. Mwaka uliofuata Mkurugenzi aliandika barua ya kumpandisha Shangazi cheo kuwa mkufunzi wa maabara, na wakaajiriwa vijana watatu wa chuo kikuu wa kufundishwa naye. Somo la kwanza nililipitia mlangoni nikipeleka sampuli. Alikuwa amewapa kila mmoja chaki, akawataka waandike ubaoni asidi amino zote ishirini kwa makundi yake, bila kitabu: zinazochukia maji, zinazopenda, za asidi, za besi, za salfa. Wa kwanza aliandika kumi na saba akakwama. Wa pili aliiweka histidini kwenye asidi badala ya besi. Nyuma kabisa, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Desimali na daftari jipya, anaandika naye, na Shangazi alipopita akachungulia ukurasa wake, akaweka kidole cha zambarau juu ya neno moja na kumwambia alifute. Desimali akalifuta.

Nikaweka mifuko yangu mezani, nikaitaja mizigo, na safari hii nikaongeza kwamba wa pili una harufu ya ukungu kidogo. Shangazi akasema asante, niiandike. Tulikuwa tumeshachora safu ya harufu kwenye fomu.